Picha Namba Nne na Namba Tano

3 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Boksi lako limefika. Posta walilikalia siku kumi na moja, halafu karani wa dirisha la vifurushi akataka nilifungue mbele yake, kwa sababu umeandika juu kwa herufi kubwa DAWA NDANI. Nani alikutuma uandike dawa? Nimesimama pale na foleni nyuma yangu, namweleza mtu mzima kwamba ni filamu za picha za papo hapo, kwamba dawa yenyewe ni ya kusafishia picha, kwamba ndiyo, muda wake umekwisha miaka kumi na minne iliyopita, na ndiyo, mdogo wangu amezinunua akiwa na akili zake timamu. Akanirudishia boksi kwa huruma.

Baba alifurahi kuliko alivyotaka nione. Aliinusa ile karatasi ya fedha ya pakiti, akasema, "Hii bado ina uhai." Kamera aliitoa kabatini mwenyewe, akaikunjua, akavisugua vile vyuma viwili vya kubania filamu kwa kitambaa na spiriti, na nilipotaka kumsaidia akanikaripia. Betri za aina ile hazitengenezwi tena, kwa hiyo amefunga betri za redio kwa waya na gundi ya karatasi. Kamera sasa ina nundu. Halafu akaniambia nipige mimi, yeye akakaa kwenye stuli mbele ya shuka jeupe. Unamjua. Hata ukimpelekea kuku apigwe picha, shuka jeupe lazima litundikwe.

Nimevuta karatasi, nimehesabu dakika mbili kwa saa ya ukutani, nimebandua. Hiyo hapo ndani. Kona ya juu haikupata dawa. Vidole vyangu vinanuka mpaka leo.

Umeniuliza hali. Studio ipo, watu wanataka picha za pasipoti, kopi, na kutiliwa vitambulisho plastiki. Siku hizi nafunga saa saba mchana narudi nyumbani. Baba yuko. Yuko kama unavyomwona.

Dada yako


10 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia wewe kwa sababu kwako sikuapishwa. Ndugu yako anaumwa. Ni ini. Daktari alituita sote wawili mwezi wa kwanza, akaongea na Baba, halafu akanigeukia mimi na kunitazama, nikajua. Alisema miezi, hakusema mingapi. Macho na ngozi vimekuwa vya manjano, anawashwa mwili mzima, na chakula ni vijiko vitatu halafu anasukuma sahani.

Tulipofika tu getini pale hospitali aliniapisha kwa kaburi la Mama kwamba Kitinda sitamwambia, si kwa mdomo, si kwa kalamu, mpaka amalize mtihani wake mwezi wa sita. Unakumbuka Mama alipofariki: mtoto aliacha masomo katikati akaja, akakaa kutuliwaza, kurudi akakuta nafasi yake kapewa mwingine. Miaka mitatu alihangaika, mara kuosha magari, mara kulinda ghala, ndipo akapata hii karakana ya kutengeneza hadubini. Baba anasema hatakuwa yeye wa kumharibia mara ya pili.

Jumapili Kitinda hupiga simu. Baba anakunywa maji ya moto kwanza ili sauti ikae sawa, anacheka, anatania, anakata, kisha analala mpaka jioni. Kuonekana kwenye simu hataki; anasema picha ya simu haina baba wala mama. Kitinda anaona ni visa vya uzee. Sasa amemtumia hizi filamu zilizopitwa na muda, ambazo kila mtu anategemea zikosee rangi. Baba alipoiona ile picha ya kwanza, amekaa pale wa manjano kama ganda la ndizi, alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Tuma. Atailaumu filamu."

Kumwogesha na kufua nimezoea. Hizi barua ndizo zinanimaliza, Shangazi. Naandika kwa mtu anayeniamini, na kila sentensi naipima isije ikasema kitu; mwisho naandika tu, Baba yuko.

Mwanao


19 Machi

Dada, shikamoo. Na Baba mpe zake tatu.

Picha nimeipenda mpaka nikaipeleka karakana. Fundi Mkuu aliishika kwa ncha za vidole, akauliza huyu mzee ni nani mwenye dharau hivi usoni. Nikamwambia ndiye Baba. Sasa nimeibandika ukutani juu ya sinki.

Tuje kwenye kazi. Hiyo manjano imezidi, lakini si kosa lako. Filamu ikizeeka rangi haziondoki pamoja, nyingine hutangulia, na joto la huko linamalizia zilizobaki. Fanya hivi. Pakiti ikae kwenye friji, chini kwenye mboga, si kwenye barafu. Itoe nusu saa kabla. Piga asubuhi, bati halijapata moto. Ukishavuta karatasi, hesabu dakika moja na nusu tu. Na vuta polepole, usivute kama unang'oa jino. Ndiyo maana kona imekosa dawa.

Halafu Baba amekonda au ni lenzi? Lenzi ile humbana mtu mashavu ukimkaribia sana. Rudi nyuma hatua moja.

Mtihani ni tarehe 14 Juni. Unapewa hadubini iliyoharibiwa makusudi, una saa tatu za kutafuta kosa na kulirekebisha. Fundi Mkuu ananisifu, anasema nina jicho, kosa halinipiti. Mimi nimechoka tu. Siku nzima nimeinama kwenye lenzi, nikifika chumbani nikifumba macho naona viduara. Ila imebaki miezi mitatu tu. Safari hii nitamaliza kitu, Dada. Mwambie Baba.

Kitinda mimba wenu


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Goti langu haliniruhusu kupanda ngazi za basi, wala sitajidai kwamba naja. Nakutumia mafuta ya kumpaka, yanapunguza kuwasha. Mpake akiwa amelowa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyo ndugu yangu ni mficha wa tangu utotoni. Alivunjika mkono akiwa na miaka tisa akauficha siku mbili ndani ya shati, mpaka ulipovimba ukakataa kutoka. Sasa amekuficha wewe ndani ya shati.

Kiapo ni kiapo, tena umekitaja kwa kaburi. Sikwambii ukivunje. Lakini uliapa kunyamaza, hukuapa kudanganya. Kuanzia leo acha kumwandikia mtoto kwamba Baba yuko, Baba yuko. Kama huna la kweli la kuandika, acha nafasi.

Na ule. Mgonjwa mmoja anatosha.

Shangazi yenu


15 Aprili

Kitinda,

Nimefanya yote: friji, asubuhi, dakika moja na nusu. Pakiti imelala siku nne kati ya nyanya na karoti.

Mbili nimeziharibu nikijifunza kuvuta polepole. Safari hii nakutumia mbili. Moja ni Baba, nimepiga mimi. Nyingine ni mimi, amepiga yeye. Alisema amechoka kukaa upande wa kupigwa. Akaniamuru nikae kwenye stuli ileile, akanipima umbali kwa kamba kama enzi zake, akaweka kamera juu ya albamu tano zilizopangwa kwa sababu mkono haukutulia. Ilichukua muda mrefu, na mimi nilikuwa nachelewa kufungua studio, nikamwambia Baba, filamu chache hizi unanipiga mimi za nini? Akasema, "Nyamaza, unatikisika." Usinicheke. Blauzi ni ya kazini na nywele sijazigusa wiki mbili.

Mambo mengine ya hapa sitayaandika kwa sasa. Usiniulize hali.

Dada yako


29 Aprili

Dada, shikamoo.

Umechanganya pakiti. Yako imetoka safi kabisa, ngozi ni ngozi, midomo ni midomo, sijawahi kuona filamu ya umri ule ikatoa picha hivyo. Ya Baba ni manjano ileile, tena imezidi. Nilikutumia pakiti mbili za tarehe tofauti, na ni wazi moja imeoza na nyingine nzima. Tafadhali, Dada, andika namba. Kila picha, pakiti ipi na ya ngapi. Vinginevyo tunapoteza filamu nzuri kwa kubahatisha.

Halafu "usiniulize hali" ndiyo nini? Umenuna? Kama umenuna kwa sababu mimi niko huku nachezea kamera na wewe uko huko unafua, sema tu. Najua. Nilipoiona picha yako nilijua. Una mikunjo hapa pembeni ya mdomo ambayo sikuiacha. Nilitaka kuilaumu filamu nikashindwa.

Nikimaliza mtihani nakuja mwezi mzima, nawe utakaa miguu juu ya kochi. Naapa.

Kitinda


9 Mei

Kitinda,

Namba ulizotaka ni hizi. Ya Baba ni namba nne. Yangu ni namba tano. Pakiti moja, asubuhi moja, dakika ishirini katikati yake. Stuli moja, dirisha moja, shuka ni lilelile. Pakiti ya pili bado ina lakiri.

Picha zote mbili unazo wewe. Ziweke pamoja uzitazame.

Sijanuna.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Nimeziweka pamoja juu ya meza ya karakana, chini ya ile taa tunayopimia lenzi. Shuka ni jeupe kwako, na kwake ni jeupe. Filamu haina kosa. Baba ndiye wa manjano. Nimeyatazama macho yake kwa lenzi ya mkono mpaka Fundi Mkuu akaniuliza kama nalia.

Ile ya kwanza nayo shuka ni jeupe. Ninayo ukutani tangu Machi. Naitazama nikipiga mswaki.

Tangu lini? Uliwezaje kunyamaza? Baba anaumwa, mimi nakuandikia habari za friji! Baba anakonda, mimi nakwambia rudi nyuma hatua moja! Ulizisoma barua zile ukanijibu kwa utulivu, nyanya na karoti. Mmenifanya mjinga, nyote wawili, mmenikalisha huku kama mtoto aliyefungiwa chumbani wageni wakija.

Nimepiga simu studio mara tatu. Ulipopokea nikasikia mashine ya kopi nyuma yako, nikakata. Hii naituma kwa huduma ya haraka.

Mtihani ni baada ya siku ishirini na tano. Nikiondoka sasa nimeondoka mara ya pili, na sidhani watanipokea tena. Nikibaki, sijui nitamkuta. Niambie nifanye nini.

Kitinda


26 Mei

Kitinda,

Nilijua ni wewe uliyekuwa unakata. Ningekupigia, lakini nikianza kusema nitalia mbele ya wateja, na kaunta siwezi kuifunga, mpaka plastiki ya vitambulisho ipoe kuna watu sita wamesimama.

Ni ini. Tangu mwezi wa kwanza. Aliniapisha kwa kaburi la Mama, kwa ajili ya mtihani wako. Sasa umejua, na mimi sikukuambia, kiapo changu kiko salama na roho yangu imechubuka.

Usinifokee. Unasema nilikujibu kwa utulivu. Ile barua ya nyanya na karoti niliiandika nikiwa nimekaa sakafuni bafuni, kwa sababu ndipo pekee mlango unapofunga. Nilikuwa nikisoma ushauri wako wa friji nataka kupiga kelele mpaka majirani waje. Nilikuchukia wiki moja nzima, Kitinda, kwa kutokuona. Halafu nikakuhurumia. Halafu nikawa sina nguvu ya lolote.

Umeniuliza ufanye nini. Sijui. Tangu Januari naamua mimi kila kitu: dawa ipi kwanza, nani aingie kumwona, nani aambiwe amelala. Hili amua mwenyewe.

Barua yako nilimsomea Baba, sikuruka neno. Nilipomaliza akaomba kalamu. Ameandika kwa siku mbili. Karatasi yake imo humu, ameifunga kwa gundi na sijaisoma.

Dada yako


(ndani ya bahasha hiyohiyo)

Mwanangu,

Huu ni mwandiko wangu, usidhani kuku amepita juu ya karatasi.

Dada yako usimgombeze. Nilimkataza yeye asikuambie. Wewe sikukukataza kuona. Ile namba tano niliipiga mimi, kwa kamba, kwa mwanga uleule, kwa stuli ileile. Miaka thelathini na nane nimepiga watu picha, nilijua picha mbili zile zikilala pamoja zitasema nini. Yeye alidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwacha adhani.

Na bado wiki tatu nzima ukakaa nazo, eti pakiti zimechanganywa. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha kwenye kufagia.

Utauliza kwa nini sikusema tu. Mzee akishaapisha mtu kwa kaburi la mkewe, kurudi kwa binti yake na kumwambia nimebadili mawazo ni kazi ngumu. Nilidhani nitaweza kungoja mpaka mwezi wa sita uishe. Siwezi. Naogopa, mwanangu. Dada yako akienda studio nabaki nasikiliza mlango, na saa saba iko mbali.

Jana nilimpigia Fundi Mkuu wako kwa namba uliyoniachia. Anaongea sana. Anasema mtihani hurudiwa baada ya mwaka. Kukushikia nafasi hakuahidi, nami sikumwomba, kwa kuwa nisingependa udaiwe na mtu kwa ajili yangu. Nakuambia yote hayo ili usije ukasema baadaye nilikuficha na hilo.

Njoo.

Baba yako


12 Juni

Shangazi, shikamoo.

Kitinda amekuja. Alifika Jumanne saa nne asubuhi, mimi nimechelewa kwenda studio, na begi moja, nusu yake filamu, nyingine mbovu kuliko zile za kwanza. Mtihani ni keshokutwa na yeye yuko hapa. Hataki tuongelee.

Baba alikuwa macho. Kitinda alisimama mlangoni, na kwa vile amefunzwa kutafuta makosa nikamwona anayatafuta: macho, mikono, tumbo lilivyovimba chini ya shuka. Baba akamwambia, "Usinitazame kama mashine. Njoo hapa." Akapanda kitandani na viatu vyake, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, akaweka kichwa begani kwa Baba akalia kwa sauti. Baba alimpigapiga mgongoni, halafu akamwambia avue viatu, shuka limefuliwa jana.

Mimi nilikuwa nimesimama na beseni muda wote huo, sikujua niliweke wapi. Kitinda alipoinuka alilichukua mikononi mwangu. Akauliza maji yanamwagwa wapi, dawa ni saa ngapi, taulo la usoni ni lipi, mafuta yako anapakwa kabla au baada. Nikamweleza. Akayarudia yote toka mwanzo, akakosea mawili, nikamsahihisha, akayarudia tena. Kisha akasema, "Dada, nenda kalale."

Nikamwambia ni saa tano asubuhi. Akasema, "Ndiyo. Nenda." Studio akaniandikia kibao kabisa: TUMEFUNGA. Sijawahi kufunga siku ya kazi tangu Mama afariki.

Nililala na blauzi ya kazini. Nilipoamka dirishani kulikuwa na jua, nikadhani ni saa moja tu imepita, kumbe ilikuwa Jumatano. Nikainuka kwa kushika ukuta, nikijua nimechelewa dawa ya asubuhi. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti zao chumba cha pili. Walikuwa wanabishana. Kitinda anasema filamu hizi zimekufa, tukubali tu, rangi ya kijani imetoka wapi. Baba anasema filamu haina neno, mpigaji ndiye hana subira, alibandua kabla ya wakati. Anakohoa, anapumzika, anaendelea kubisha. Kitinda naye hakubali.

Nikasimama nimeshika kitasa, nikisikiliza kama kuna anayeniita. Hakuna aliyeniita. Nikarudi kulala.

Mwanao